Kengele haisemi unapita upande gani

Sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa, ikianguka chini hapa Goma hauokote. Kwengine unaweza kuokota, ukaosha, ukakaanga, ukakula bila shida, lakini huku kwetu chini ni ule muchanga mweusi wa volkano, unaingia mu kasamaki ka kidole moja na hautoke tena, ukitafuna unaskia krr krr mu meno. Mimi najua vizuri juu siku ya tatu ya juma iliopita niliangusha basini (beseni) muzima ya sambaza ya mama mumoja, mimi na velo (baiskeli) yangu, nikabaki pale nimepiga magoti naokota moja moja kama mujinga, na yeye anasimama tu ananiangalia, mutoto analia mu mugongo.

Ngoja nieleze toka mwanzo.

Kazi yangu iko Birere, mu kanyumba ka fotokopi, tunapigia batu barua na ma CV ku ordinatere, na nyumbani ni Ndosho. Kwenda na kurudi ni velo. Moto, ile pikipiki ya kubeba batu, siwezi kulipa kila siku, na toka banki zilifungwa mwanzo wa 2025 kila mutu anahesabu pesa ya mukononi mara mbili mbele ya kuitoa, basi velo njo ilibaki, na sikatae, naipenda. Nashukuru Mungu kwa ile velo. Lakini mu hizi siku nilianza kuona kama mu njia mimi niko mutu mubaya, na sikuwa najua.

Mwenye hajui Goma atauliza: sasa wewe mutu wa velo unafanya nini mu njia ya batu ba miguu, si upite mu balabala? Haya. Penye kuko lami kuko mafuso, kuko taksi, na kuko moto, moto za kushoto, moto za kuume, na zingine zinakuja kabisa usoni kwako, motari anaangalia simu. Penye hakuna lami kuko mawe. Lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji mpaka ikaingia mu ziwa, na sisi tukarudi tukajenga juu yake, tukapasua ingine tukafanyia kuta, na mu kartie mingi balabala mpaka leo ni ule mugongo wa lava, velo inaruka kama mbuzi, pine inakatika, na kiuno usiseme. Lakini kati ya lami na kanivo (mufereji wa maji), ao kati ya mawe na ukuta wa parseli ya mutu, kunakuwaka kanjia. Meta moja, ukipata bahati moja na nusu. Kalaini, kamekanyagwa vizuri. Na nani alikakanyaga? Si serikali, si projet ya muzungu. Ni miguu. Bamama ba soko, batoto ba masomo, batu ba kanisa, mwaka kwa mwaka, bure, mpaka kakakuwa laini, na siku moja sisi ba velo tukakaona tukasema ah, hapa njo pazuri, tukaingia na tukaanza kubapigia kengele batoke.

Ile kitu sikuwa nimeifikiria ata siku moja mpaka hii mambo ya sambaza.

Basi siku ya tatu, saa kumi na mbili kasoro, kiza inaanza kushuka, vumbi ya kiangazi inasimama mu hewa, na mimi nakimbilia kufika mbele ya kiza kuingia kabisa juu taa yangu ya mbele ni torchi ya simu nafungaka ku gido (usukani wa velo) na elastiki, na simu ilikuwa inabaki na charge kidogo. Mbele yangu kuko mama, basini ku kichwa, mutoto mu mugongo, anatembea tu pole pole. Nikapiga kengele. Mimi niko na kengele, ya kweli, ya chuma, na nilikuwa najisikia nayo juu velo mingi za hapa hazina ata fre (breki). Nikapiga ngri-ngri, mara mbili, na sikupunguza mbiyo ata kidogo, juu mu kichwa yangu mimi nilishamaliza kazi yangu: nilipiga, aliskia, atatoka.

Na aliskia. Njo shida. Aliskia akageuka aone ni nini, na mutu mwenye kubeba ku kichwa hageuke shingo, anageuka muzima, mabega, basini, mutoto, vyote vinazunguka pamoja, na kwa ile dakika anajaza njia yote. Aligeukia kushoto. Kushoto njo kwenye mimi nilikuwa nishachagua kupita. Gido ikakamata kikwembe, basini ikaenda, mimi nikaenda na bega mu ukuta, na velo ikaanguka juu ya sambaza, kama vile haikutosha.

Mutoto hakuumia, mama hakuumia, mukono yangu ilichubuka lakini ile si habari. Nikaamka na mdomo wangu wa kwanza, naona haya kuandika, ulikuwa: «Mama, nilipiga kengele!»

Akaniangalia. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa afadhali. Akasema: «Papa, kengele yako iliniambia kama uko. Haikuniambia unapita wapi.»

Nikakosa jibu, na mpaka leo sijaipata.

Nililipa. Nikamuuliza ngapi, akanitajia bei yenye yeye alinunulia asubui, si ile angeuzia. Nikasema mama, na faida yako? Akasema faida Mungu atanipa kesho, wewe peleka velo yako pole. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, velo mukononi, na si juu ilikuwa imeharibika.

Sasa penye inauma kabisa ni hapa. Mwezi wa sita mimi mwenyewe njo nilikuwa nafanya fujo juu ya ba velo. Muzee wangu sikio ya kuume haikamate kitu, ya kushoto inakamata nusu, na kumuangalia hauwezi kujua, anatembea sawa, ana koti yake na kofia, unaona tu muzee mwenye heshima anaenda kanisani. Basi siku ya Mungu moja kijana akatoka nyuma yake na velo ya mabido (madumu) ya maji toka Kituku, akapiga mluzi, akapiga kelele, muzee hata habari, na kijana akapita tu kwa nguvu, bido ikagonga muzee mu kiwiko, na kijana akarudisha kichwa akalia: «Muzee, uko kiziwi?»

Muzee alipofika nyumbani akatuhadisia akiwa anacheka, anasema nilitaka kumujibu ndiyo mutoto wangu, lakini alishaenda.

Yeye anacheka, mimi nilikuwa nachemka. Siku mbili nilienda Kituku kutafuta ule kijana pale bananotea maji mu ziwa, kama vile ningemutambua, velo zote zinafanana na mabido yote ni ya manjano. Nilisema kwa kila mutu mwenye alikuwa na masikio kama bale vijana habana adabu, habana bazazi, na kazalika. Miezi miwili nyuma, mimi, mutu mukubwa, na kengele yangu ya chuma.

Lakini ile ya bido ilinifundisha kitu, nitaisema hapa juu naona batu hawaifikiriaka. Bido moja ya litre 20 ni kilo 20 ikijaa. Velo ya maji inabeba ine, mbili huku mbili huku, ingine inabeba zaidi. Kilo 80, pengine kijana mwenyewe hafike ile uzito. Na velo yenye ilikuwa na upana wa gido tu sasa iko na tumbo. Mwenye kusukuma pedali anaangalia gido yake, gido ikipita anaona kama alipita, kumbe nyuma kuko bido inakuja, ao saki ya makala, ao miti ya kuni imelala ubavu, na njo ile inagonga batu, magoti ya batoto sana sana, juu bido inaninginia palepale kwenye urefu wa mutoto. Ukiuliza mwenye velo atakuapia kwa Mungu kama hakugusa mutu. Na anasema kweli, yeye hakugusa.

Siku ya ine ku kazi nikafanya hesabu, hakukuwa na klienti, kura (umeme) ilikuwa imekatika. Mimi mu kanjia naendaka kama kilometa 15 kwa saa, si mbiyo ya ajabu. Hiyo ni meta ine na kidogo kila sekunde. Jicho ione, kichwa ielewe, vidole vifunge fre, hapo sekunde moja ilishaenda, maana yake nilishakula meta ine na fre haijashika ata kitu. Yule mama alikuwa mbele yangu meta ngapi wakati nilipiga kengele? Tano, sita. Basi hesabu ilikuwa imekwisha mbele ya yeye kugeuka, ilikuwa imekwisha wakati mimi niliamua kutopunguza. Na ukiongeza mbiyo mara mbili, ile nafasi ya fre ya kusimamisha velo haiongezeke mara mbili, inaongezeka mara ine, hiyo ni fizike ya masomo, tuliandika mu kaye tukapata pwe (maksi) zetu tukasahau.

Kuko jirani yangu mu avenue, mutu wa tshukudu. Benye hamuko ba huku: tshukudu ni ile trotineti kubwa ya mbao, mapine mbili za mbao zimevalishwa kaucho ya pine ya zamani, hapa mujini tumeijengea hata sanamu ya rangi ya zahabu mu rompwe. Yeye anashukaka toka Kibumba na viazi, makabichi, makala, mamia ya kilo, goti moja juu ya ubao, na fre yake ni kipande cha pine anakanyagia ku pine ya nyuma. Basi. Hiyo njo fre. Na mu miaka yote hiyo sijaskia kama aligonga mutu.

Nikamuendea jioni, nikamuelezea sambaza, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanifundisha, na sijawahi kufundishwa kitu vizuri vile mu mambo ya njia.

Akasema: «Petit, ninyi ba velo munafunga fre mukiona mutu. Mimi nikiona mutu nilishachelewa.» Yeye anafunga fre akiona pahali, si akiona mutu. Akiona soko mbele, anapunguza. Akiona kanisa siku ya Mungu karibu na saa sita, anapunguza hata kama mulango umefungwa, juu anajua dakika moja watafungua na batu batamwagika. Akiona pompi ya maji, masomo, kona yenye bananyolea batu, anapunguza. Akiona balo (mpira) inatoka mu parseli, hangoje kuona mutoto, juu mutoto iko nyuma ya balo, kila siku. Mbuzi pia, akasema, mbuzi ya mbele ikipita ujue kuko ya pili na ya pili haina akili.

Akasema tena haangaliake vichwa vya batu, anaangaliaka miguu. Kichwa inadanganya, mutu anaweza kukuangalia na bado akakuingilia, lakini muguu ukishaelekea upande, mwili unafuata.

Na kengele? Nikamuuliza, wewe hauna kengele, unafanya aje? Akasema niko na mdomo. Anaanza mbali, meta makumi mbili, makumi tatu, anasema si kulia, anasema: «Mama mwenye kikwembe ya bulu, napita ku kuume kwako, baki vile vile.» Anamuita kwa kitu chenye amevaa, anamuambia upande, anamuambia asisogee. Kisha anangoja. Mama akiitika, ao akipandisha mukono, ao akisogea kidogo, sawa, anapita. Asipoitika? «Asipoitika hajaskia, ao ameskia na hataki, yote ni moja, mimi naweka muguu chini.» Tshukudu na viazi, anaweka muguu chini. Na mimi na velo yangu tupu, hata saki ya mugongo sikuwa nayo siku ile, niliona uzito kupunguza.

Ile «baki vile vile» nilikuwa sijaifikiria kamwe. Sisi wote tunaliaka «toka! toka! njia!» Ukimuambia mutu toka bila kumuambia wapi, anatoka kwenye anaweza, na wewe unapita kwenye unaweza, munakutana.

Kisha mimi na ule ugonjwa wangu wa kutafuta kila kitu mu intaneti, nikaangalia kama inchi zingine banafanya aje. Kuko mutoto wa shangazi yangu Liège, kule Ubelgiji, anapandaka velo mu zile njia banaita RAVeL, ni reli za zamani na kando za mito na kanali zenye balitengeneza zikakuwa njia za miguu, velo na farasi, hakuna gari. Nilizania kule ni mbinguni. Akaniambia we, ni vita, kuko mwenye anakimbia na ekuta za muziki mu masikio, kuko imbwa imefungwa kamba meta tano inakata njia yote, kuko bibi na pusete, na kuko ba velo bamevaa nguo za kubana kama wako Tour de France, kila siku ya posho ni kugombana. Nikaskia vizuri kidogo, Mungu anisamehe.

Waingereza bo balibadilisha kitabu yao ya balabala, banaita Highway Code, mwisho wa Januari 2022, wakaandika mule kama mwenye anaweza kuumiza zaidi njo mwenye kubeba muzigo mukubwa wa kuchunga wengine. Fuso inachunga velo, velo inachunga miguu. Na kwa ba velo wanasema usipite karibu na mutu ao kwa mbiyo, umujulishe kama uko, kwa kengele ao kwa mdomo na heshima, na ukumbuke kama mutu anaweza kuwa kiziwi ao haoni na wewe hauwezi kujua kwa kumuangalia. Niliposoma hapo nikaona koti na kofia ya muzee wangu.

Lakini benye walinishangaza ni Wajapani. Kule velo ikiruhusiwa kupanda trotwari (njia ya miguu kando ya balabala), inapita upande wa balabala, pole pole, na ikiona itasumbua mutu wa miguu inasimama. Na kengele ya kufukuzia batu mu njia hairuhusiwe na sheria, kengele ni ya hatari tu. Nikasoma mara mbili. Ni kusema ile ngri-ngri yangu ya kila siku, kule ingekuwa kosa.

Sisi kodi yetu ya balabala, ni kusema sheria ya barabara, ni ya 30 Agosti 1978, ilizaliwa mbele yangu, na mu maisha yangu yote sijaona rulaji (polisi ya balabala) anasimamisha velo juu ya mama ya sambaza. Banasimamishaka moto, banasimamishaka taksi, velo inapita kama nzi. Basi mu kanjia sheria ni wewe mwenyewe na ile mama.

Nilielezea hii mambo ku kazi, na wenzangu wakaanza: na batu ba miguu je? Hawakosi? Banakosa, nani alisema habakosi. Kuko vijana ine mu mustari moja, wanashikana mabega, ekuta mu masikio, njia ni yao na ya babu yao. Kuko mwenye anaweka meza ya ma unité ya simu katikati kabisa ya kanjia, ukimuangalia anakuangalia. Kuko mwenye anavuka na uso mu simu. Nakubali yote. Lakini fikiria mukigongana nani anaamka na nani anabaki chini, na ni nani alikuja na chuma mu njia yenye ilitengenezwa na miguu. Mwenzangu mumoja akasema, lakini moto njo zinatufukuza mu balabala. Ni kweli, mimi nafukuzwaka kila siku, kuna motari alinipigia klaksoni mu sikio mpaka nikaingia kanivo na velo, na nililaani ukoo wake wote. Na nikishatoka mu kanivo, na hasira ya ile klaksoni, nafika mu kanjia nafanyia mama kitu ile ile motari alinifanyia. Niliposema ile wakanyamaza kidogo, kisha wakaanza kuongea futbol.

Kuko na mambo ya haya pia, tuseme ukweli. Kushuka velo kwa vijana wa hapa ni kama kushindwa. Unaona kijana anafika ku soko, Virunga ao Alanine, batu bamejaana hata kuku haiwezi kupita, na yeye anabaki juu, anasukuma na vidole vya muguu, anayumba huku na huku, pedali inakwaruza miguu ya batu, kuliko kushuka tu atembee dakika tatu. Mimi pia nilikuwa vile. Ukishuka unaonekana kama velo imekufa, batu banakuuliza «imefanya nini?», unabaki unaeleza. Nilianza kushuka toka siku ya tano, na kweli, batu wawili balisimama kunisaidia, mumoja na pompi mukononi.

Na torchi nitaibadilisha. Nanunua kataa ka kweli mwisho wa mwezi, ka nyuma pia, juu kiza ya hapa kura ikikatika unaijua, mutu wa miguu hana taa, velo haina taa, munakutana kwa harufu. Mpaka nipate, kiza ikinikamata njiani natembea.

Na kengele sikuitoa, iko palepale, lakini sasa naipiga mbali, moja tu, kisha naongea. Siku ya kwanza niliona haya kabisa. «Papa mwenye koti, napita ku kushoto.» Papa akageuka akasema «aksanti mutoto yangu», na mimi nikafurahi kama niliskia tena pwe ya fizike. Mwingine akaniuliza kama tunajuana. Mwingine hakujibu kitu, nikashuka, nikatembea nyuma yake mpaka pale njia ikapanuka, na kupita nikamuangalia, alikuwa anaongea na simu, analia machozi. Ningepiga kengele pale.

Jana jioni sasa, mbele ya Entrée Président, kanjia kamejaa na mbele yangu bamama batatu, batatu wote na mizigo ku kichwa, wanajaza njia yote na wanahadisia. Nikasema «bamama, niko nyuma na velo, musisumbuke, nangoja penye kupanuka.» Mumoja akajibu bila kugeuka «sawa papa», na wakaendelea na habari yao, na mimi nyuma, velo mukononi, naskia. Ilikuwa ya harusi moja, bwana arusi alitoa mahari yote, ng'ombe na pesa, kisha juma moja mbele ya kanisa kukatokea mwanamuke toka Sake na batoto wawili anasema ule bwana ni wake. Familia ya bibi arusi wanagombana kama warudishe mahari ao hapana, muzee wa familia anasema ng'ombe mbili zilishauzwa, na bibi arusi mwenyewe, huyu njo alinishangaza, anasema yeye anataka kuongea na ule mwanamuke wa Sake, bo wawili tu. Nikachelewa dakika makumi mbili nyumbani na sikuona wakati ukipita. Halafu wakafika kona, wakakata kuingia mu kartie, na njia ikapanuka, nikabaki nasimama pale na velo, nataka kulia «bamama, na mahari je?»

Lakini unaanza aje, na hawakujui.